Mnyororo Usiomo Kwenye Rekodi

Wiki iliyopita tuliachana pabaya, najua. Bi Kimya alikuwa kwenye kile chumba kidogo cha kusikilizia, macho kwenye runinga, akingoja kuiona sura ya mtu anayeshukiwa kuchoma ghala la dawa. Mlango wa chumba cha mahojiano ukafunguka, mshukiwa akaingizwa, na mimi nikakuacha hapo hapo ukinilaani.

Haya, punguza laana. Aliyeingia alikuwa mdogo wake.

Tena si mdogo wake wa kuitana tu. Ni mdogo wake wa tumbo moja, kitindamimba wa mama yao, yule aliyembeba mgongoni tangu yeye mwenyewe akiwa na miaka tisa. Fundi umeme. Watu wote wanamwita Waya, kwa kazi yake na kwa wembamba wake.

Waya alikuwa na pingu mikononi na ovaroli yake ya kazini mwilini. Kabla hajavuka kizingiti alijipangusa viatu sakafuni, kulia na kushoto, asije akawachafulia watu ofisi yao.

Bi Kimya alipoona vile viatu vinapanguswa, hakuhitaji tena kuangalia sura.

Kwa faida yako uliyekosa gazeti, mambo yenyewe si mengi. Ghala liliungua Jumanne mchana. Mlinzi wake alifia ndani. Bi Kimya ndiye anayewafundisha wapelelezi wa ofisi ile namna ya kuhoji, na jina hilo wamempa wao, kwa sababu silaha yake ni kunyamaza. Hapigi meza, hatishi, hatukani. Anauliza swali moja lililo wazi, kisha anafunga mdomo mpaka mwenzake aseme.

Na utaniuliza, iweje asijue ni nani anayeletwa? Ni kanuni yake mwenyewe, bwana. Anayesikiliza mahojiano hasomi faili kwanza, asije akasikia kile anachotaka kusikia. Asubuhi ile aliambiwa neno moja tu: fundi. Mafundi wako wangapi duniani?

Kuna kanuni nyingine, nayo aliitunga yeye. Ukimjua mshukiwa, unasimama, unatoka, unakwenda kumwambia Mkuu. Papo hapo. Hungoji hata dakika moja.

Bi Kimya akasimama. Akashika kitasa. Kisha akaangalia tena runinga, akamwona Waya anatafuta pa kuweka mikono yake, akawaza: nikitoka, nani atamsikiliza huyu?

Akaachia kitasa, akaketi. Nawe ungeketi, usijifanye.

*

Aliyekuwa anahoji ni Sajini. Mwanafunzi wake bora kuliko wote, na nasema hivyo bila kejeli. Kijana mpole, msafi, ana sauti ya mtu anayebembeleza mtoto alale. Meza ameisogeza ukutani isiwatenganishe. Kiti amekikagua kisiyumbe. Saa ya ukutani ameitoa, mtu asije akahesabu dakika.

"Karibu ndugu yangu, kaa. Hebu nikufungue hizo pingu kwanza. Maji?"

"Nashukuru, afande."

"Achana na afande. Niite kaka."

"Sawa, kaka afande."

Sajini akacheka, Waya naye akacheka. Katika chumba kile cha pili, dada mtu akauma kidole. Alijua kicheko kile. Ni kicheko cha Waya cha kumfurahisha mtu.

"Una haki ya kuwa na wakili, unajua?"

"Wakili wa nini tena, kaka? Mimi sina kesi."

Sajini akaanza kumimina maji. Kinasa sauti kilikuwa mezani, taa yake nyekundu haijawaka. Hii nayo ni kanuni ya Bi Kimya: maji kwanza, kitufe baadaye. Dakika tano za maongezi ya kawaida, hazirekodiwi, ili mtu apoe moyo. Kipaza sauti cha chumba cha kusikilizia kinafanya kazi muda wote, lakini kinasa sauti kinangoja maji yaishe. Ofisi nzima inafanya hivyo, na wengine wamekuja kutoka mbali kujifunza.

"Pole na usumbufu," Sajini akasema. "Hata sisi hili jambo limetutoa jasho. Mtu mzima, ana familia, anaungua ndani, na mlango umezungushiwa mnyororo kwa nje. Inauma, ndugu yangu."

"Inauma," Waya akasema.

Bi Kimya akainamia runinga.

Mnyororo. Sajini ametaja mnyororo.

Magazeti yaliandika kwamba mlango uligoma kufunguka kwa sababu ya moto. Habari ya mnyororo ilizuiwa makusudi, ili siku mtu akiutaja mwenyewe, wajue wamempata. Walioujua hawazidi wanne, Bi Kimya akiwa mmoja wao, kwa kuwa ndiye aliyeshauri ufichwe. Sasa wamekuwa watano, na Sajini wala hajui kwamba ulimi wake umeteleza. Yeye alikuwa anaonyesha huruma, kama alivyofundishwa.

Kitufe kikabonyezwa. Taa nyekundu ikawaka.

*

"Nieleze siku ya Jumanne," Sajini akasema. "Tangu ulipoamka mpaka ulipolala. Usiache kitu, hata kama unaona hakina maana. Mimi sitakukatiza."

Swali safi kabisa. Siku nyingine Bi Kimya angetikisa kichwa kwa fahari.

Waya akaeleza. Aliamka, akaenda kwa Mama, kwa sababu pasi yake ilikuwa inapiga shoti. Akaifungua, akaifunga. Akamtengenezea na taa ya jikoni. Akamkuna mgongo. Akashinda huko mpaka jioni.

"Mama anaweza kutuhakikishia?"

Waya akakuna shingo. "Mama anasahau, kaka. Ni ugonjwa."

"Tulimpigia jana. Alisema hajakuona tangu mwaka juzi."

"Ndiyo, huwa anasema hivyo. Jumapili aliniuliza mimi ni mtoto wa nani." Akatabasamu. "Nikamwambia, wa jirani. Akafurahi, akanipa ndizi."

Sajini hakutabasamu. Akaweka kalamu chini, akakunja mikono mapajani, akamtazama Waya usoni kwa upole. Akanyamaza.

Jamani. Kama hujawahi kukaa mbele ya mtu anayejua kunyamaza, shukuru.

Bi Kimya akajikuta anahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Kanuni ni ishirini. Watu wengi hawafiki kumi na mbili, na yeye ndiye anayejua ni kwa nini, kwa sababu ukimya ule hakuusoma chuoni. Aliujifunza kwa Waya.

Mama alikuwa kazini kutwa, na nyumba aliachiwa yeye. Kikipotea kitu, hakuwa na nguvu ya kupiga wala moyo wa kupiga. Alimketisha Waya kwenye ndoo iliyofunikwa, akaketi mbele yake, akamtazama tu. Kabla ya kumi Waya alikuwa amesema kila kitu. Ni mimi, dada. Nimekula mimi. Ujanja ule wa jikoni ndio aliokuja nao kazini, ukampa cheo, ukampa jina, ukampa wanafunzi.

Tisa. Kumi.

"Au labda nilipita," Waya akasema.

Sajini kimya.

"Ghalani, yaani. Labda nilipita kidogo. Si unajua nilifanya kazi pale wiki ile nyingine?"

Kimya.

"Na yule mlinzi alikuwa amenikatalia ngazi yangu. Basi, nilipita kwa ajili ya ngazi."

Kila alipomaliza sentensi, Waya aliinua macho kidogo kuangalia uso wa Sajini. Ukilegea, anaendelea. Ukibaki vilevile, anaongeza kitu. Bi Kimya aliona hivyo waziwazi, kwa sababu safari hii si yeye aliyekuwa anatazamwa.

Na hapo ndipo kumbukumbu moja ikamjia, kumbukumbu ambayo miaka yote alikuwa anaichekea.

Sukari. Siku moja sukari ilikwisha ghafla, akamketisha Waya kwenye ndoo. Waya akakiri. Akaeleza mpaka kijiko alichotumia. Jioni Mama akarudi, akafungua kabati la juu, sukari hiyo hapo, nzima, mwenyewe alikuwa ameihamishia kwenye kopo lingine kwa ajili ya sisimizi. Walicheka wote watatu. Mama akamwuliza Waya, kwa nini ulisema umekula? Waya akajibu: Dada alikuwa ananiangalia.

Walicheka, msomaji wangu. Walicheka mpaka machozi.

*

Bi Kimya akachukua kalamu. Kwenye mlango wa chumba cha mahojiano kuna kijidirisha cha kupitisha vikaratasi, kwa msikilizaji aliyeona swali ambalo mhojaji amelisahau. Akaandika haraka, herufi zikapandana: "Mnyororo umemtajia wewe wakati wa maji. Simamisha. Anza upya na mtu mwingine."

Akatoka, akakipitisha, akarudi mbio kwenye runinga.

Sajini akakisoma. Akakisoma tena. Bi Kimya alimwona anatupia jicho mlangoni, na kwa sekunde mbili tatu aliamini mambo yamekwisha salama, kwamba mwanafunzi wake atafanya lililo sawa.

Sajini akakikunja kikaratasi mara nne, akakitia mfukoni mwa shati.

"Endelea, ndugu yangu. Ulipita kwa ajili ya ngazi."

Nisikufiche, hata mimi ninayeandika nilimtukana.

"Nikamkuta mlinzi amelala ndani," Waya akasema. Alikuwa anaongea taratibu, mtu anayepapasa ukuta kutafuta swichi gizani. "Nilikuwa na hasira. Nikagusisha nyaya. Ziliwaka. Nikatoka."

"Ulipotoka ukafanya nini?"

"Nikafunga."

"Ukafunga vipi?"

Swali sahihi. Hakuweka neno mdomoni mwake, hakumwelekeza. Ukisikiliza rekodi hiyo leo au baada ya miaka kumi, hutaona kosa lolote. Sajini akanyamaza, akasubiri, uso wake mpole. Bi Kimya akamwona mdogo wake anatafuta. Anatafuta kichwani, anatafuta sakafuni, anamtafuta Sajini machoni.

"Usiseme," Bi Kimya akanong'ona kwenye kioo cha runinga. "Mdogo wangu, usiseme."

Kumi na moja. Kumi na mbili.

"Na mnyororo," Waya akasema. "Kwa nje."

Kalamu ya Sajini ikasimama. Nadhani, msomaji, kwamba hapo Sajini mwenyewe aliamini. Kikaratasi kilikuwa mfukoni mwake, lakini sikio lake lilikuwa limesikia mnyororo ukitoka kinywani mwa mshukiwa. Sikio likashinda.

Waya akaona uso wa Sajini umebadilika, akashusha pumzi. Alidhani amepatia.

*

Bi Kimya alimkuta Mkuu kwenye korido, tayari anakuja. Ni mtu mzima mwenye mafuta ya kutosha kiunoni na miwani anayoiweka kichwani na kuitafuta mezani. Si mtu mbaya. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mbaya.

"Umesikia?" Mkuu akasema. "Ndiyo kwanza nafika ofisini, namsikia anautaja mnyororo. Kijana wako ni moto wa kuotea mbali."

"Amemlisha, Mkuu. Amemtajia yeye kwanza, wakati wa maji."

Mkuu akaacha kutabasamu. Akamshika kiwiko, akamwingiza ofisini kwake, akafunga mlango. Juu ya kabati lake kulikuwa na kipaza sauti kingine kinachotoa sauti za chumba cha mahojiano. Akakipunguza.

"Imo kwenye rekodi?"

"Wakati wa maji haturekodi."

"Nani kasema tusirekodi?"

"Mimi."

"Nani mwingine alisikia?"

"Hakuna. Ni mimi peke yangu. Lakini nimempa Sajini kikaratasi, anacho mfukoni."

"Kikaratasi ulichoandika kabla ya mshukiwa kutaja mnyororo, au baada?"

"Kabla. Niliandika kabla."

"Kina saa?"

Hakikuwa na saa. Vikaratasi havina saa, haviandikwi hata jina. Nani angewaza?

"Sawa," Mkuu akasema. "Sawa, tulia. Neno lako lina uzito hapa kuliko la mtu yeyote. Ukisema umesikia, mimi nakuamini. Tutaliandika, tutamwita Sajini, tutaona. Yule kijana ni nani hasa? Kuna mtu anayemfahamu?"

Bi Kimya akatazama kapeti.

"Nimekuuliza."

"Ni mdogo wangu."

Mkuu akaitoa miwani kichwani. Akaishika tu mkononi.

"Mdogo wako wa wapi?"

"Wa tumbo moja."

"Umejua lini?"

"Alipoingia."

"Aliingia saa nne. Sasa ni saa tano na nusu." Sauti ya Mkuu ilikuwa imeshuka sana. "Saa nzima na nusu umekaa pale, unamsikiliza mdogo wako, unapitisha vikaratasi kwa anayemhoji umwambie asimamishe. Wewe. Uliyenifundisha mimi kutoka nje ya chumba."

"Kama ningetoka, hakuna ambaye angesikia."

"Na kwa kuwa hukutoka, hakuna atakayekuamini."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama daktari anayesoma cheti. Bi Kimya akavuta kiti. Akaketi bila kukaribishwa.

Mambo yalikuwa hivi: wakimwamini Sajini, Waya anafungwa maisha. Wakimwamini yeye, Waya anarudi kwenye pasi na taa zake. Na hakuna mtu mwenye akili timamu, hata wewe, ambaye angemwamini dada mtu.

"Basi ipo njia nyingine," akasema mwishowe. "Nitaandika kwamba njia yangu ina kasoro. Kwamba ukimya unaweza kumfanya mtu akiri asichofanya. Siyo Waya tu. Mtu yeyote mwenye woga, mwenye kupenda kuridhisha watu. Nitaandika kama mtaalamu, si kama dada."

Mkuu akaweka miwani mezani.

"Unajua unachosema? Wale wote waliokiri mbele yako?"

"Najua."

"Hujui. Fikiria kwanza."

Akafikiria. Akamfikiria yule dereva wa gari la maziwa, mwanamume mwenye kigugumizi, aliyekaa mbele yake ukimya wa kumi na tano kisha akakiri kumgonga mtoto na kukimbia. Alipomaliza alimshika Bi Kimya mkono, akamshukuru kwa kumsikiliza. Miaka sita sasa yuko ndani. Bi Kimya alikuwa anaieleza habari ile darasani kila mwaka, kama mfano wa kazi nzuri.

Alimshukuru. Mbona hakujiuliza mtu anashukuru nini?

Akaogopa. Si kwa ajili ya Waya pekee sasa. Zile nyuso zote zilikuwa zinapita, na kwa kila uso alijaribu kukumbuka kama mtu yule alikuwa anasema kweli au alikuwa anamwangalia yeye usoni, na hakuweza kukumbuka. Hakuwahi kuangalia hilo. Alikuwa anahesabu.

"Nipe karatasi," akasema.

"Nitakupa. Lakini elewa itakavyosomwa. Wataandika kwamba dada ameamua kubomoa nyumba nzima ili amtoe mdogo wake dirishani."

"Nipe karatasi, Mkuu."

Mkuu akampa. Kisha akanyoosha kiganja, naye akaelewa, akamkabidhi simu yake. Utaratibu ni utaratibu.

*

Aliandika. Sijawahi kumwona mtu anaandika kwa kasi vile na maneno yakawa machache vile. Kila sentensi aliyoianza ilimgeukia. Akiandika "nina hakika", anakumbuka dereva wa maziwa, anafuta. Akiandika "inawezekana", anaona mwendesha mashtaka anacheka. Nusu saa ikapita. Karatasi ilikuwa na mistari saba, mitano imefutwa.

Kwenye kabati, kipaza sauti kilikuwa kinaongea kwa sauti ndogo. Waya alikuwa amepewa chai. Alikuwa anamweleza Sajini namna ya kuzuia shoti kwenye pasi.

Kisha Sajini akauliza swali la mwisho. Swali hili nalo alifundishwa, kwamba usifunge mahojiano kabla hujampa mtu nafasi ya kuingiza alichokiacha.

"Ndugu yangu, kuna jambo lolote sijakuuliza, ambalo unaona ningepaswa kuuliza?"

Bi Kimya akainua kichwa. Sema sasa, mdogo wangu. Sema umetaja mnyororo kwa sababu uliusikia. Sema hukufika kule kabisa.

Unamjua mtu anayetaka kusema ukweli lakini anaogopa kumuudhi mwenyeji wake? Sauti ya Waya ilikuwa hivyo.

"Sijui kama lina maana, kaka. Ila nilikuwa na Mama."

"Jumanne?"

"Jumanne. Muda wote nilikuwa na Mama."

Ukweli mtupu. Ndilo alilolisema mwanzo kabisa, na sasa amelirudia baada ya kukiri, kwa upole, bila kulikana lolote la kwanza, kwa sababu hakutaka Sajini ajione ameandika bure.

Kalamu ilisikika ikikwaruza karatasi.

"Muda wote? Hata pale ghalani?"

Bi Kimya akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Ndiyo, kaka," Waya akasema. "Kama unavyoona wewe."

Mkuu alikuwa ameshainua simu ya mezani. "Gari moja na askari wa kike," akasema ndani yake. "Nendeni kwa mama yake mshukiwa. Kwa heshima, bila pingu. Mleteni."

"Mkuu, yule ni mgonjwa. Hajui hata siku."

"Atatazamwa na daktari."

"Kabla au baada?"

Mkuu akapanga karatasi zilizokuwa zimepangika. "Sajini atamsikiliza kidogo tu. Wewe ndiye uliyetuambia wagonjwa nao wasikilizwe, wasidharauliwe. Nakumbuka siku uliyosema. Niliandika."

"Basi niacheni nikae naye. Nimshike mkono tu. Sitasema neno."

"Humgusi shahidi. Unajua."

Alijua. Yeye ndiye aliyeandika hivyo, kifungu cha tatu.

Akaanza kuomba. Bi Kimya, ambaye hakuna mtu katika ofisi ile aliyewahi kumsikia akirudia sentensi, aliirudia moja mara nne: atakubali chochote, Mkuu, atakubali chochote. Mara ya nne Mkuu alikwenda kusimama mlangoni, mgongo kwenye mbao, akatazama dari. Alikuwa na huruma. Haikumsaidia mtu.

*

Kwa Mama si mbali. Dakika ishirini baadaye gari likaingia uani.

Bi Kimya akaenda dirishani. Ghorofa ya kwanza, kioo hakifunguki, kimepigwa misumari tangu mtu mmoja aruke. Chini, askari wa kike akamfungulia Mama mlango, akamshika mkono kumteremsha. Mama alikuwa amevaa gauni lake la kutokea na kitambaa cha kichwani kimefungwa vizuri. Mtu akimbishia hodi, yeye huvaa kwanza, ndipo aulize wanakwenda wapi.

Bi Kimya akagonga kioo kwa ngumi. "Mama!"

Mama akainua uso. Akamwona. Akampungia mkono kwa adabu, kama unavyompungia mtu usiyemfahamu aliyekusalimu kutoka mbali, kisha akamwambia askari jambo, wakacheka wote wawili, wakaingia ndani.

Hatua zake zikasikika kwenye korido, za taratibu, viatu vinaburuzwa. Zikapita mlango wa Mkuu. Zikaendelea. Mlango wa chumba cha mahojiano ukafunguka, na Sajini akamwomba Waya aondoke kidogo, akapumzike.

"Mama, shikamoo. Karibu, kaa hapa. Kiti hiki hakiyumbi."

"Marahaba, mwanangu. Ubarikiwe."

Maji yakamiminwa. Sajini akamuuliza kuhusu safari, kuhusu magoti, kuhusu pasi. Mama akajibu yote vizuri, na kwa furaha, mtu ambaye siku nyingi hajapata wageni. Kisha ile sauti ya kumlaza mtoto ikasema:

"Mama, nieleze kuhusu Jumanne."

Na Sajini akanyamaza.

Ofisini, Mkuu akaongeza sauti ya kipaza sauti. Bi Kimya alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kabati, chini kidogo ya kipaza sauti, mikono imelegea ubavuni. Hakutaka kuhesabu. Kichwa kilihesabu chenyewe. Nne. Tano. Sita.

Mama hakufika saba.

"Nakuona umenyamaza, baba," akasema, sauti imejaa huruma. "Usione haya, mimi ni mama yako. Niambie tu, unataka niseme nini?"